Rezini ama kaboni kwa dhahabu ya Migori?

Juzi nikinywa chai kwa kibanda pale Industrial Area, jamaa anayeuza kemikali akaanza kunihubiria rezini, zile punje za plastiki kama mtama zinazotengenezwa kiwandani zidake dhahabu na kuacha takataka zingine zipite. Ati kaboni, yale makaa ya kunasa dhahabu kwa matangi, imepitwa na wakati, kila mwenye mtambo Migori ahame sasa hivi.

Hana makosa yote, lazima nikubali. Kaboni ya vifuu vya nazi inanasa vizuri dhahabu iliyoyeyushwa na sayanaidi, ile kemikali ya sumu, lakini haichagui sana, na Migori ni nchi ya shaba, ule mgodi wa Macalder ulikuwa ukitoa shaba na dhahabu pamoja mpaka miaka ya sitini, so udongo wa upande ule ukiingia kwa tangi shaba inakula sayanaidi yako halafu inang'ang'ania nafasi na dhahabu juu ya kaboni. Rezini ya kuchagua inapunguza hiyo vita. Tena kaboni ikichafuliwa na mafuta lazima irudishwe nguvu kwa tanuri la nyuzijoto kama 700, na bei ya stima si mnaijua. Na si majaribio, Muruntau kule Uzbekistan, moja ya migodi mikubwa zaidi ya dhahabu duniani, wametumia rezini tangu enzi za Sovieti.

Sasa shida. Rezini ni ghali, punje zake ni ndogo kuliko kaboni, kwa hivyo chujio ikitoboka kidogo tu zinapita na dhahabu yako inaishia kwa mabaki. Hata hiyo kuchagua si kamili, zinki na nikeli bado zinaweza kushika juu yake, na kuivua dhahabu kutoka kwa rezini mara nyingi kunataka kemikali ya thiorea na asidi pamoja na mtu anayejua anachofanya. Kaboni ukikwama unaichoma tu, dhahabu inabaki kwa majivu. Mtambo wa matangi mawili matatu, mimi ningekaa na kaboni bila kufikiria mara mbili.

Lakini kilichonikera ni aliposema rezini ni "safi". Safi wapi? Sayanaidi bado iko pale pale, rezini inakuja baada ya kuyeyusha. Na kabla ya hapo mchimbaji mdogo ashasaga mawe, akaosha na zebaki, akapata sehemu tu ya dhahabu yake, mabaki akamuuzia mwenye matangi kwa bei ya kutupa, na ile zebaki iliyobaki inayeyuka na sayanaidi pia. Kenya tulitia saini Mkataba wa Minamata 2013 kwa sababu ya hii zebaki. So rezini ikiongeza dhahabu, nyongeza ni ya mwenye tangi, yule wa shimoni hata hajui.

Nikamwambia basi boss, leta kilo chache za udongo wa Macalder, tugawe, chupa moja rezini nyingine kaboni, tupeleke maabara tuone. Akacheka, akaniuliza maabara nalipa mimi ama?