Usinunue Diski kwa Ukubwa, Uliza Kwanza Inakula Umeme Kiasi Gani

Hapa kwangu Mamboleo, Kisumu, kuna kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi 4 inayowaka usiku na mchana juu ya kabati. Ndiyo inayotunza picha za familia na sauti za nyanya akitusimulia hadithi. Kwa hiyo nikikuambia diski ya nje ya kompyuta kama hii isichaguliwe kwa ukubwa, nasema kwa uchungu.

Nilianza na diski ya kuzunguka ya terabaiti 2, ile ya inchi 2.5 isiyo na chaja yake. Bei ilinivutia. Lakini kila nilipoichomeka ilinguruma kidogo, ikalia tik, ikanyamaza, ikaanza upya. Pembeni mwa skrini kikatokea kialama cha radi. Nikairudisha dukani nikidhani ni mbovu, nikapewa nyingine, nayo ikalia vilevile.

Kumbe diski zote mbili zilikuwa na njaa ya umeme. Matundu manne ya USB ya Pi 4 hugawana ampea 1.2 tu, na diski ya kuzunguka inapoanza kuzungusha sahani yake huweza kutaka karibu ampea nzima peke yake. Mimi nilikuwa nimechomeka kibodi pia, tena kompyuta yenyewe ilikuwa ikitumia waya mwembamba wa chaja ya simu. Voltu zikishuka chini ya 4.63, kialama kile hutokea. Diski ikazimika katikati ya kuandika na rekodi mbili za nyanya zikaharibika. Nyanya ametutoka, hakuna wa kuzirudia.

Siku hizi natumia SSD, yaani diski inayohifadhi kwenye chipu, ya gigabaiti 250, aina ya SATA, ndani ya kasha la USB. Haina sahani ya kuzungushwa, na kwa sauti na picha zetu inatosha kabisa. SSD za aina nyingine, NVMe, sizipendekezi kwa kazi hii: zina mbio, lakini nyingine hula umeme kama diski ya kuzunguka au zaidi. Flashi na memori kadi za bei ya chini nazo huchoka upesi zikiandikwa kutwa kucha.

Halafu kuna stima zetu. Mvua ikianza kunguruma jioni kutoka upande wa ziwa, najua zitapotea muda si mrefu. Ndiyo maana nimeipanga SSD kwa mfumo wa kuhifadhi faili uitwao ext4, unaoweka kumbukumbu ya mabadiliko kabla ya kuyakamilisha, na si mfumo wa exFAT usio na kinga hiyo. Chaja halisi ya Pi, ya ampea 3, nayo nilinunua, na wewe usiikwepe gharama hiyo.

Ile diski ya terabaiti 2 ningali nayo. Kila Jumapili naichomeka kupitia habu, kile kigawanyio cha matundu ya USB, yenye chaja yake, nanakili kila kitu, naichomoa na kuirudisha kwenye droo. Kwa kuwa sasa inashiba, hailii tena.