Nipeni rivyu yenye mwenyewe

Tarehe 3 Oktoba 2025 Taylor Swift katoa The Life of a Showgirl, na kabla watu hawajamaliza hata kuisikiza vizuri jarida la Rolling Stone washaipa nyota tano kwa tano, gazeti la The Guardian la Uingereza wakaipa mbili. Albamu ni ile ile, nyimbo 12, maprodyusa ni wale wale Max Martin na Shellback, lakini mmoja ametosheka mpaka pomoni na mwengine hata nusu hajafika. Sasa wewe na bando lako unafanyaje? Wengi watachukua wastani, tatu na nusu, wasonge mbele. Na mimi hiyo tatu na nusu ndio sielewani nayo, maana ukiuliza ni nani aliyekaa kitako na hedfoni akaisikia hiyo tatu na nusu, hakuna. Haina mwenyewe.

Kwa rekodi tu, mimi niko karibu na wale wa nyota mbili, ingawa wimbo wake wa The Fate of Ophelia umeninasa kichwani na sijui nitautoa vipi. Na tusidanganyane ati rivyu ndio inauza, hiyo albamu wiki ya kwanza Marekani pekee ilipita nakala milioni 4 kwa hesabu yao ya mauzo na strimu, yaani yule wa nyota mbili hakumpunguzia Taylor hata senti. Kwa hivyo mkosoaji kazi yake si kuzuia watu wasinunue, hiyo kazi hajawahi kuiweza.

Kazi yake nilionyeshwa na jamaa mmoja pale Mwembe Tayari, hapa Mombasa, enzi zile za kutiliwa nyimbo kwa flashi. Alikuwa na kibanda cha kujibana, kompyuta imejaa vumbi la barabarani, feni inalia kuliko spika, na kila folda unayomuonyesha ana maneno yake. Linkin Park anakutilia huku anatikisa kichwa. Coldplay anakutilia lakini anakwambia, "hawa ni wa kulalia hawa, utanirudia." Ukimtajia albamu mpya anakuambia chukua wa kwanza na wa tano, hizo zengine ni za kujaza. Alikuwa hapendi sauti ikiwekwa otoutyuni, ile programu ya kunyoosha sauti ya muimbaji, hata kidogo, akisikia tu anafunga folda kwa hasira kama ametukanwa yeye. Na mimi otoutyuni naipenda. Basi nikajua, akiitukana albamu kwa sababu hiyo, naichukua, akiisifu sana kwa magitaa mazito naomba nisikize kwanza. Hatukuwahi kukubaliana vitu viwili mfululizo na bado hakuna aliyewahi kunichagulia mziki vizuri kama yeye, kwa sababu nilikuwa nalijua sikio lake lilipo.

Ndio maana hii tabia ya kujumlisha wakosoaji wote kwa sufuria moja inanikera. Tovuti ya Metacritic wako na hiyo kazi tangu 2001, wanachukua nyota za huyu, herufi za yule, desimali za mwengine, wanazigeuza zote ziwe namba kwa mia, magazeti mengine wanayapa uzito zaidi ya mengine, na mkosoaji ambaye hakutoa namba yoyote wao wanamkadiria. Hebu fikiria, mtu ameandika maneno elfu moja hakutaka kutia namba, kaja mtu ofisini kamtilia 70. Halafu tunabishana mtandaoni kutwa nzima kuhusu hiyo 70.

Mtu kama Robert Christgau, mkosoaji wa mziki wa Marekani, yeye alianza safu yake ya Consumer Guide kwa gazeti la Village Voice mwaka 1969, anatoa gredi kama za mtihani, A, B, mpaka chini kabisa huko, na wengi hawampendi kwa maringo yake na ufupi wake, mara nyengine albamu nzima kaimaliza kwa sentensi mbili tatu. Lakini ukimsoma kwa muda unamjua. Anapenda nini, anachoshwa na nini, ana kijicho na nani. Hata akikosea anakosea kwa njia yake na wewe unajua utoe wapi uongeze wapi.

Pitchfork, tovuti ya rivyu za mziki, nao walianza 1996, Ryan Schreiber kijana tu wa Marekani na kompyuta yake, wakaja na mtindo wao wa 0.0 mpaka 10.0. Hizo desimali mimi nazicheka mpaka leo, tofauti ya 7.4 na 7.6 ni nini kama si chai aliyokunywa mtu asubuhi? Ila angalau walikuwa na roho ya kusema. Kid A ya Radiohead 2000 wakaipa 10.0 wakati wengine bado wanakuna kichwa, albamu ya Liz Phair ya 2003 wakaipa 0.0, sufuri kavu, na Discovery ya Daft Punk ya 2001 wakaipa 6.4. Sasa mwaka 2021 wakakaa kikao wakapanga upya alama za albamu 19, Liz Phair akapandishwa mpaka 6.0 na Daft Punk wakapewa 10. Aliyeandika ile ya sufuri alikuwa ameshaomba radhi mwenyewe kabla ya hapo, na hiyo naiheshimu, kwa sababu ni yeye amesema, kwa kinywa chake. Lakini hichi kikao cha ofisi kupitisha alama upya miaka 20 baadaye, dunia nzima ikiwa ishakubali kwamba Discovery ni moto, hapo mnatwambia nini ambacho hatukijui?

Linganisha na Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza. Albamu yao ya kwanza 1969 Rolling Stone waliiponda, baadaye gazeti hilo hilo likaiweka ndani ya orodha yake ya albamu 500 bora za wakati wote. Ile rivyu ya zamani ipo, unaweza kuisoma, na ni raha kuisoma maana unaona hizo gitaa na makelele yale yalimfikia vipi mtu ambaye hakuwa ameambiwa na mtu yeyote kwamba hawa watakuwa wakubwa. Kwangu mimi hiyo ina faida kuliko kumi kwa kumi ya kuchelewa.

Halafu kuna hili la mashabiki. Aprili 2024 Taylor alitoa The Tortured Poets Department, baada ya saa mbili akaongeza nyimbo zengine 15 zikawa 31, zaidi ya saa mbili za mziki, na rivyu zikamiminika kwa haraka ambayo sijui hao watu walilala saa ngapi. Jarida la Paste likaiponda, lakini rivyu ikatoka bila jina la mwandishi. Sababu wakaiandika wenyewe, kwamba mwaka 2019 walipoandika kuhusu Lover, albamu yake ya wakati huo, mwandishi wao alitishiwa kufanyiwa ubaya. Siwalaumu, nani atake kufa kwa ajili ya albamu? Ila tumefika pabaya bana, mpaka mtu anaogopa kutia jina chini ya maoni kuhusu nyimbo.

Sisi hapa Mombasa kukosoa mziki hadharani hakujawahi kututia uoga. Nenda baraza lolote Mji wa Kale ukae na wazee, waimbaji wetu wa tarabu Juma Bhalo katangulia mbele ya haki 2014, Zein L'Abdin 2016, na mpaka leo kuna mzee atakwambia Bhalo na zile mahadhi zake za filamu za Kihindi aliiharibu tarabu, na mwenzake aliyeketi pale pale na kahawa mkononi atamjibu kwamba udi wa Zein ni mtamu, sawa, lakini Bhalo ndiye aliyemliza mama yake. Hawapigani. Kesho wako pale pale. Harusini nako, mama anayeinuka kwenda kutunza anaonekana na ukumbi mzima, wimbo upi umemwinua na upi amekaa kimya anapekua mkoba, kila mtu ameona na kila mtu ana lake la kusema njiani kurudi nyumbani.

Sasa hiyo midomo yote inaenda wapi tukifika kuandika? Juzi msanii mmoja wa huku Pwani katoa EP, yaani albamu fupi, nyimbo sita, nikasoma posti tatu za blogu tofauti na zote zina sentensi zile zile, "kazi safi inayogusa nyoyo", neno kwa neno, na moja wamesahau kufuta namba ya bukingi ya menejimenti. Mimi niliisikiza ile EP. Wimbo wa pili besi imemeza sauti yote, husikii anachoimba mpaka koras, na wa nne ni mzuri ajabu, gitaa moja tu na yeye, ungeweza kuwa singo. Hakuna aliyesema lolote kati ya hayo. Na hao wanaoandika nawajua wengine, tukikaa Makadara jioni wana maneno makali kuliko Christgau, wakishika simu kuandika wote wanakuwa wajumbe wa amani.

Kama kuna mtu wa huku anayeandika rivyu kwa jina lake, anasikiza mpaka wimbo wa mwisho na ana vitu asivyovipenda, nitupieni linki hapo chini. Hata kama anaichukia otoutyuni.