Kabureta Inasingiziwa

Kuna hukumu moja ambayo pikipiki yoyote ya zamani katika nchi hii hupewa kabla hata haijasikilizwa: kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, imekufa. Ikigoma kuwaka asubuhi, ni kabureta. Ikizima mlimani, ni kabureta. Ikila mafuta, ikitoa moshi, ikipiga mashuti kwenye bomba, ni kabureta hiyohiyo, na fundi anapotamka hivyo tayari bisibisi iko mkononi mwake na skrubu ya hewa imeshazungushwa, bila yeyote kuhesabu ilikuwa imefunguliwa mizunguko mingapi. Nimelinyamazia jambo hili kwa muda mrefu, lakini yaliyompata jirani yangu hapa Uyole, Mbeya, mwezi uliopita yamenishinda.

Jirani huyo ni bwana shamba mstaafu mwenye Honda CG125 ya zamani, mashine ambayo Honda walianza kuitengeneza mwaka 1976 kwa ajili ya watu wa barabara mbovu na huduma haba, yaani sisi. Pikipiki yake ilikuwa ikitembea vizuri kwa kilomita chache, kisha inakohoa na kuzima. Akiiacha ipumzike kidogo inawaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Fundi aliitazama, akatikisa kichwa, akamwambia, "Mzee wangu, hii kabureta imechoka. Tukufungie mpya tu, uondokane na usumbufu." Mzee akalipa, pikipiki ikaendelea kuzima. Akafungiwa plagi mpya, ikazima. Akafungiwa koili, ikazima kwa adabu ileile.

Aliponiletea nilimwomba kitu kimoja tu: aiendeshe mpaka izime, na ikishazima afungue kifuniko cha tangi. Alipokifungua, hewa iliingia kwa mlio mrefu ambao hata watoto waliokuwa wakitutazama waliusikia. Tundu la kupumulia la kifuniko lilikuwa limezibwa na mchanganyiko wa vumbi na kutu, kwa hiyo kila petroli iliposhuka hakuna hewa iliyoingia kushika nafasi yake, mpaka tangi lenyewe likawa linayazuia mafuta yasishuke. Sindano ya kushonea ilitosha kulizibua, na hapo ndipo mahali pekee katika njia yote ya mafuta ninapokubali sindano ipite. Kabureta ya asili, ambayo haikuwa na kosa lolote, ilikuwa imeshatupwa kwenye ndoo ya vyuma chakavu.

Hoja yangu ni hii: kabureta isifunguliwe kabla haijathibitika kwamba ndiyo yenye kosa. Kuna mambo ya kuangalia kwanza, na hayahitaji elimu ya chuo. Fungua koki, chomoa mpira wa mafuta, uone kama petroli inatiririka au inadondoka kwa kusitasita. Toa chujio la hewa, kwa sababu lililojaa vumbi la barabara ya vijijini huifanya injini ilewe mafuta, na hakuna skrubu duniani itakayolitibu. Pima tapeti, yaani ile nafasi ndogo ya vali, injini ikiwa ya baridi. CG125 inataka nafasi ya 0.08 mm, na zikikaza injini inakuwa ngumu kuwaka na haitulii inaponguruma bila kuvutwa mafuta, dalili ambayo kila siku inabandikwa kabureta. Halafu angalia ile shingo inayounganisha kabureta na injini. Oringi yake, ile pete ya mpira, ikikauka au gasketi ikipasuka, injini inavuta hewa ya pembeni, mngurumo unapanda na kukataa kushuka, na bomba linapiga mashuti unaporudisha mkono. Nyunyizia maji kidogo kwenye maungio injini ikiwa inanguruma. Mlio ukibadilika, umempata mwizi, na hujagusa kabureta.

Ikiwa yote hayo ni mazima, bado pikipiki yenyewe inaweza kukuambia ni sehemu gani ya kabureta inayolalamika, mradi uisikilize. Bandika kipande cha utepe kwenye mkono wa mafuta, uweke alama za robo, nusu na robo tatu, kisha uendeshe. Ikisumbua mkono ukiwa umefungwa au umefunguliwa kidogo tu, mshukiwa ni jeti ndogo, yaani kile kijisehemu chenye tundu linalopima mafuta, na skrubu yake. Ikisumbua katikati, ni sindano ya kabureta, ile inayopanda na kushuka unapovuta mafuta, na ule mfereji ambamo klipu yake imekaa. Ikisumbua ukiwa umevuta mpaka mwisho, ni jeti kubwa, au mafuta hayafiki kwa kasi inayotakiwa. Vuta choki, ile inayobana hewa ili mafuta yazidi, kidogo wakati inasumbua: ikipata nafuu, ina njaa ya mafuta, ikizidi kuugua, imeshiba kupita kiasi. Plagi itathibitisha, kwa kuwa nyeusi yenye masizi ni shibe, nyeupe ni njaa, na rangi ya kahawia ni afya. Kazi hii yote haifiki hata bei ya kabureta bandia.

Sasa nifike kwenye jambo linalonipandisha hasira kuliko yote, yaani ule uzi wa waya wa klachi. Kila kijiwe cha mafundi kina kipande chake, kimechomolewa kwenye waya uliokatika, kimenyooshwa kwa koleo, na kinatumika kuchokonolea jeti. Jeti ni shaba laini. Uzi wa waya wa klachi ni chuma. Katika jeti za Keihin, namba iliyogongwa kwa kawaida inalingana na upana wa tundu katika sehemu za mia za milimita, maana yake jeti ndogo ya namba 38 ina tundu la 0.38 mm hivi. Chuma kikipita humo mara kadhaa na kulipanua mpaka 0.42 mm, ongezeko hilo ni dogo kuliko unene wa unywele, na kwa macho huwezi kuliona, lakini nafasi ya kupitisha mafuta imeongezeka kwa zaidi ya moja ya tano. Mwenye pikipiki anaondoka akifurahi kwamba imewaka, na baada ya wiki chache anarudi akilalamika kwamba inakunywa petroli na plagi imekuwa nyeusi. Fundi yuleyule, kwa uso mkavu, anamwambia kwamba kabureta imekufa. Ni kweli imekufa safari hii, na muuaji ndiye anayeandika cheti cha kifo.

Kuisafisha jeti hakuna siri yoyote. Inafunguliwa kwa bisibisi inayoenea kwenye mfereji wake, si ile iliyonolewa kwenye jiwe mpaka inautafuna. Inalowekwa kwenye dawa ya kusafishia kabureta, au hata kwenye petroli safi usiku kucha, kisha inapulizwa kwa upepo wa kompresa, ule ule unaotumika kujazia matairi hapo jirani. Inuliwe dhidi ya mwanga: tundu safi linaonekana kama nukta ya mviringo iliyokamilika, na ukiona nukta yenye pembe, uchafu bado umo. Ikilazimu kabisa kupitisha kitu, basi na kiwe uzi mmoja wa shaba nyekundu kutoka kwenye waya laini wa umeme, ambao utapinda wenyewe kabla ya kuikwaruza jeti. Tena msisahau vile vitundu vya pembeni vya bomba lililo juu ya jeti kubwa, kwa sababu petroli iliyolala miezi mingi huacha utando wa kunata humo.

Na ile skrubu inayozungushwa kama ufunguo wa redio haifanyi kazi ileile kwenye kila kabureta. Ikiwa imekaa upande wa chujio la hewa, inapima hewa, na kuifungua kunapunguza mafuta. Ikiwa upande wa injini, inapima mafuta, na kuifungua kunayaongeza. Asiyejua tofauti hiyo anatibu njaa kwa kumnyima mgonjwa chakula.

Boya linaloelea ndani ya kabureta na sindano yake ya kufungia mafuta navyo huharibika kweli. Petroli ikidondoka kwenye bomba la kumwagia, au oili ikinuka petroli, usiiwashe injini mpaka uvirekebishe na ubadilishe oili.

Nakubali, tena shingo upande, kwamba mafundi wetu wana sababu zao. Dereva wa bodaboda mwenye hesabu ya kupeleka jioni hana subira ya kubandika utepe kwenye mkono wa mafuta, na mteja anayebishania ujira wa kusafisha atalipa bila kunung'unika akionyeshwa kitu kipya kinachong'aa. Nakubali pia kwamba kabureta ikishalika kwenye njia ya kile kizibo kinachopanda na kushuka, hakuna kuirudisha. Lakini kabureta mpya inayouzwa kwa bei ya kutupwa mara nyingi ina jeti zisizolingana na injini yako, na sindano isiyo na kipimo kinachojulikana, hivyo aliyekuwa na tatizo moja anarudi nyumbani na mawili.

Kuna hali moja ambayo kubadilisha jeti ni haki kabisa, nayo haizungumzwi vijiweni. Mbeya ipo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na msukumo wa hewa hapa ni kama asilimia 80 tu ya ule wa Dar es Salaam. Pikipiki iliyopangiwa jeti za pwani ikiletwa huku inalewa mafuta, inatoa moshi mweusi na kukosa nguvu kwenye kilima, hata kama kila kitu chake ni kizima. Hiyo inahitaji jeti kubwa iliyopungua namba moja au mbili, si kabureta nyingine. Jeti ya zamani itie kwenye kikopo cha dawa, uiweke chini ya kiti, na ukiteremka kwenda Kyela kwa kazi ya wiki kadhaa uirudishe mahali pake, kwa sababu kule hewa ni nzito, na pistoni inayoendeshwa kwa njaa katika joto lile huungua juu kabla hujaona dalili yoyote.