Fundi, Hesabu Foleni Kabla ya Kutaja Siku

Siku shule zilipofunguliwa Januari hii, mpwa wangu alikwenda na sketi ya mwaka jana iliyompanda juu ya magoti. Njia nzima alikuwa akiivuta chini. Sketi mpya ilikuwa kwa fundi, bado kitambaa. Nilikipeleka mwanzoni mwa Desemba, nikatanguliza nusu ya hela, nikaambiwa, "Jumamosi, dada, usiwe na wasiwasi." Zilipita Jumamosi nne. Ya mwisho nilimkuta ameinamia cherehani, macho mekundu, hajainuka tangu alfajiri.

Kwa hiyo msiniambie mafundi ni wavivu. Wala msiniambie ni waongo kwa asili yao, kwa sababu mama yangu alikuwa fundi na cherehani yake ndiyo iliyonisomesha. Kinachoniudhi ni namna siku inavyotajwa. Fundi humtazama mteja usoni, akaona haraka yake, akataja siku itakayomfurahisha. Kumbe cherehani ni moja na hushona nguo moja kwa wakati mmoja. Siku anayoitaja imeshachukuliwa na nguo za watu wengine.

Nikiwa nimekaa pale kwenye benchi nilihesabu mifuko ya vitambaa iliyotundikwa ukutani. Ilikuwa 48. Nikamuuliza, "Fundi, kwa siku unamaliza nguo ngapi?" Akanijibu nne, tano umeme usipokatika. Gawanya 48 kwa nne: siku 12 za kazi, na Jumapili hafungui, basi ni wiki mbili kamili. Tukiwa bado tunazungumza akaingia mama mmoja na kitenge cha gauni. Akaambiwa keshokutwa. Nilisikia uchungu, maana nilijua huyo mama atakuja kusimama pale pale niliposimama mimi.

Hesabu hiyo ya kugawanya ina jina. Ni kanuni ya Little, na John Little wa Marekani aliithibitisha mwaka 1961: idadi ya vitu vilivyomo kwenye foleni, ukiigawanya kwa vinavyotoka kila siku, inakupa wastani wa siku ambazo kitu kimoja kitakaa humo. Haihitaji kompyuta. Inahitaji fundi ageuze shingo, ahesabu mifuko, ndipo afungue mdomo. Na aache nafasi. Katika mfano wa msingi kabisa wa hesabu za foleni, mashine yenye kazi nusu ya muda wake, ukiijaza kazi hadi asilimia 90, muda wa oda kukaa dukani huwa mara tano ya ule wa awali. Mashine iliyojaa hivyo haina pa kufidia saa tatu za umeme kukatika. Zile saa zinahamia kwenye nguo ya kesho, kisha ya keshokutwa, mpaka zinamfikia mtoto wa shule.

Wapo watakaosema tatizo ni mpangilio. Ni kweli, mpangilio unasaidia. Chukua sare za saa 12, gauni la saa nne na suruali ya kupunguza kwa saa moja. Ukianza na kubwa kushuka hadi ndogo, zinatoka saa ya 12, ya 16 na ya 17. Ukianza na ndogo, zinatoka saa ya kwanza, ya tano na ya 17. Fundi amefanya kazi ile ile, lakini wateja wawili wamekwenda zao mapema. Na ukitanguliza yenye siku ya karibu zaidi, kama alivyoonyesha James Jackson, mtafiti wa upangaji wa kazi, mwaka 1955, ule ucheleweshaji mkubwa kuliko wote unapungua hadi pale unapoweza kupungua. Sawa. Lakini kama siku zenyewe zilitajwa ovyo, utapanga mpaka uchoke na mtu atarudi mikono mitupu.

Nakubali shingo upande kwamba sisi wateja tuna mchango wetu. Fundi akisema wiki mbili, tunahamia kwa jirani aliyesema Alhamisi.

Mama alikuwa na daftari. Kila siku aliichorea mistari mitatu, ingawa aliweza kushona nguo nne. Ule wa nne aliuacha kwa msiba, kwa sindano iliyovunjika, kwa sisi watoto tukiugua. Mistari ikijaa, siku hiyo haiuzwi tena. Ramadhani ikifika katikati, kurasa zote za kabla ya Idd zilikuwa zimejaa, naye akawa anawaambia watu mlangoni, "Mwanangu, kwa Idd hii sitakuwahi, jaribu kwingine." Walinuna. Wengine hawakurudi tena, na hela hiyo tuliikosa kweli. Lakini sikumbuki mtu yeyote kuja kwetu kulia asubuhi ya Idd.

Sketi niliipata Jumatano. Imeshonwa vizuri, pindo limenyooka, na kiunoni fundi ameacha kitambaa cha kuongezea mtoto akikua. Ndiyo maana sijamhama. Nimempelekea daftari la kaunta, kurasa za mwanzo nimezichora mwenyewe, mistari mitatu kwa kila siku, tukakaa naye tukaiandika humo ile mifuko ya ukutani mmoja mmoja. Blauzi yangu imeangukia tarehe ya mbali, wiki mbili na siku mbili kutoka leo. Nimeikubali.