Meza ibaki palepale, mpinzani ndo amfuate

Jamani hili limenikaa kooni tangu mashindano ya chesi ya juzi. Kuna kijana anatumia kiti cha magurudumu, raundi mbili za kwanza kacheza ukumbi wa chini, kashinda zote. Sasa raundi ya tatu wenye pointi nyingi wakapandishwa ghorofani na jengo halina lifti, unajua waandaaji walifanyaje? Wakampa bai, yaani pointi ya bure bila kucheza! Pointi kapata ndiyo, lakini yule mtu kaamka alfajiri kuja kucheza chesi, hakuja kuokota pointi. Na aliyestahili kukutana naye akapangiwa mtu mwingine, kwa hiyo hata yeye kaharibiwa.

Kinachoniuma ni kwamba haikuwa lazima kabisa. Kwenye mfumo wa Swiss, ule ambao ukifungwa hutolewi, unaendelea raundi zote, mnapangwa kwa kuangalia pointi, kama mlishakutana, na rangi, maana kwa kawaida huchezi nyeupe au nyeusi mara tatu mfululizo. Meza mtakayokaa haimo kwenye hiyo hesabu, ni suala la viti tu. Basi mpe meza moja ya kudumu, chini, karibu na mlango, pasiwe na watu wanapita nyuma yake, na kila raundi mpinzani ndo amfuate, hata kama anaongoza mashindano. Programu za kupanga mechi zinaruhusu kumfungia mchezaji meza, refa anaweka mara moja tu kabla ya raundi ya kwanza.

Ila kuna wanaovuka mpaka upande wa pili, eti apangiwe wapinzani wepesi, au wenye ulemavu wacheze wao kwa wao. Hapana! Hiyo ni kumdharau mtu huku unatabasamu. Acheze na yeyote pointi zake zinapomfikisha.

Na sheria za FIDE, shirikisho la chesi la dunia, zenyewe zishafika huko. Asiyeona ana haki ya kutumia ubao wake wenye matundu ya kuchomekea kete, zile nyeusi zina alama unazipapasa, kwa hiyo meza moja inabeba mbao mbili na kila mmoja anataja hatua yake kwa sauti. Asiyeweza kusogeza kete anaruhusiwa msaidizi, refa akimkubali. Asiyeweza kuandika hatua naye ni hivyohivyo, na hapo wengi hawajui, mwenye ulemavu hapunguziwi dakika kwenye saa kwa sababu hiyo. Nimeshaona refa anataka kumkata mtu dakika na watu wanatikisa kichwa kukubali, tukabishana mpaka kitabu cha sheria kikafunguliwa.

Kwa hiyo waandaaji, ongezeni swali moja kwenye fomu ya usajili, unahitaji nini ili ucheze vizuri? Muulizeni mapema, kabla hamjalipia ukumbi, msisubiri raundi ya tatu mtu yuko chini ya ngazi anaangalia wenzake wanapanda.