Mtambo wa Kumenya Nyaya

Mwenye nyumba wetu hapa Buguruni alipobadilisha nyaya za nyumba nzima, fundi alitaka kuondoka na zile za zamani. Nikamuuliza kwa upole, hivi muda wote huo ngazi alikuwa anashikiwa na nani? Tukaelewana. Yeye akachukua swichi na soketi, mimi nikabaki na kiroba. Ndani mlikuwa na nyaya za kila umri: nyekundu na nyeusi za enzi hizo, za asi (zile zinazoingia ardhini) zenye kijani na njano, ekstensheni zilizokwishakufa, na rundo moja jeupe la waya wa antena ya televisheni. Hilo nililipenda kuliko yote kwa unene wake.

Kwa asiyejua biashara ya skrepa, nieleze. Waya wenye ganda lake unanunuliwa kwa bei ya kukuonea huruma. Kopa, yaani shaba ya ndani, iliyochomwa moto ina nafuu, ila inatoka imepauka na masizi, na mnunuzi atakata bei huku akikung'uta vidole. Kopa iliyomenywa, nyekundu, inayong'aa, hiyo ndiyo yenyewe. Vijana wengi wanachoma tu wamalize. Mimi sikutaka. Ganda lile ni PVC, lina klorini ndani yake, na ukilichoma moshi wake unatoa asidi ya haidrokloriki na dioksini. Kwetu ungemtoa na mama mkwe pia, ambaye alikuja kutoka Tanga kutusalimia na hakuwa ameonyesha dalili yoyote ya kumaliza salamu.

Basi, kumenya. Nilianza kwa kisu cha jikoni, nikajikata kidole gumba. Nikahamia kwenye wembe, nikajikata kile cha pili. Ndipo mpwa wangu, anayesubiri matokeo ya kidato cha nne na hivyo ana muda wa kufikiri, akaniletea akili mbili. Ya kwanza: tuzianike nyaya juu ya bati saa za jua kali, plastiki ilainike. Hii ilikubali vizuri sana. Ya pili: tusisogeze wembe, tusogeze waya. Wembe ukae pahala pamoja, waya upite chini yake, ganda lichanike lenyewe.

Hapo ulihitajika ubao mzito, usiocheza, ambao mtu anaweza kuukalia ili kuukandamiza. Nyumba nzima ubao wa namna hiyo ulikuwa mmoja: mbuzi ya mama mkwe. Alisafiri nayo kwenye basi kutoka Tanga, ya mninga, ya tangu ameolewa, kwa sababu haziamini mbuzi za Dar. Nikapigilia misumari miwili karibu na shingo ya chuma, nikiacha upenyo wa waya kupita katikati, na juu ya upenyo nikabana kipande cha wembe wa kukatia kapeti kwa skrubu. Matundu yangebaki, sawa, lakini mama mkwe angeyaonaje na yeye ndiye ameyakalia?

Nikakaa, mpwa akavuta. Ganda lilichanika likaanguka pande mbili kama maganda ya chungwa, na kopa ikatoka inawaka. Nasema mpaka leo, na mke wangu anajua kwamba nasema: mtambo ulifanya kazi.

Tatizo lilikuwa mpwa. Akivuta kidogo anapumzika, akipumzika anashika simu. Tena tulikuwa tumefika kwenye ule waya mrefu mwekundu uliokuwa umezunguka nyumba nzima. Uchochoroni petu hupaki pikipiki ya jirani, kijana wa bodaboda, akiingia kula na kulala kidogo. Mpwa akaitazama.

"Anko, tukifunga ncha kwenye keria, mimi naisukuma tu taratibu."

Tukafunga. Akasukuma hatua chache, ikaenda vizuri, akasema anakwenda dukani mara moja kununua maji. Sikumsikia. Nilikuwa nimeinama na macho yangu yote yako kwenye wembe.

Wakati huohuo, ndani, mama mkwe alikuwa amevaa baibui lake la kutokea na amempigia simu kijana wa bodaboda, ampeleke Ilala kwenye shughuli ya mwenziwe. Kijana akatoka chumbani kwake akifikicha macho. Uchochoro wetu ni mwembamba, na huwa hawashi pikipiki humo. Anaisukuma hadi barabarani. Akaisukuma.

Mimi nikaona waya umeanza kupita kwa kasi ya ajabu. Nikafurahi. Ganda linaruka huku na huku, kopa inakimbia mbele yangu, nami nimebana mapaja, nampigia mpwa kelele za kumtia moyo: "Hapo sasa! Ndiyo shule niliyokulipia!" Waya ukakunja kona ya ukuta ukaendelea. Kisha ukasimama. Nikasema apumzike, kijana wa watu. Kumbe ndiyo mama mkwe alikuwa anapanda, anakaa upande, anapanga baibui lisiingie kwenye cheni.

Halafu nikasikia injini.

Nilikuwa na nafasi ya kuwaza jambo moja tu, nalo ni kwamba mpwa wangu hana injini. Waya ukapaa. Mita kadhaa zikamenyeka kwa muda wa kupiga chafya, kazi safi ambayo sijawahi kuiona hata kwa mafundi, mpaka pakafika pale ambapo fundi wa zamani, Mungu anajua alipo, alikuwa ameunga waya kwa fundo na kuuzungushia tepu nyingi. Fundo likafika kwenye misumari. Likakwama. Mbuzi ikaondoka, mimi nikabaki.

Nilipofika kona, mbuzi ilikuwa tayari iko barabarani, inaruka, inapinduka, inainuka, chuma chake kinatoa cheche kwenye lami. Muuza matunda akanyanyua sinia lake juu. Watoto waliokuwa wanatoka madrasa wakaacha njia, wakaanza kukimbia nyuma yake huku wakiimba: "Bibi, mbuzi yako inakufuata! Bibi, mbuzi yako inakufuata!"

Mama mkwe akageuka. Nimeambiwa na walioshuhudia kwamba hakupiga kelele. Alimgonga dereva begani na kumwambia, "Baba, ongeza mwendo." Alimtambua yule mbuzi wake, alisema baadaye, lakini alidhani ni mambo ya watu.

Waya ulikatika karibu na Barabara ya Mandela, panapopita malori yanayopeleka bandarini mabamba ya shaba kutoka Kongo na Zambia, tani kwa tani. Mimi nilikuwa nimeinama kando ya barabara hiyo hiyo nakunja yangu.

Mbuzi ilitoka na ubao uliopasuka na meno yaliyolala. Ikaamuliwa, si na mimi, kwamba fedha za kopa zinunue mbuzi mpya, na kwamba mama mkwe aende nami kwenye mizani kuhakikisha hazipotei njia. Mnunuzi akauliza kwanza nyaya zimetoka wapi, maana siku hizi wanaogopa za wizi. Nikatoa barua ya mwenye nyumba. Akapima nyekundu na nyeusi, akaridhika. Akashika waya wa ekstensheni, akaukwangua kwa tupa. Ndani mweupe.

"Hii silva, kaka, yaani alumini. Imepakwa kopa juu tu. Huoni ilivyo nyepesi? Kopa ni nzito zaidi ya mara tatu."

Kisha akachukua lile rundo langu la antena, lililonimaliza kucha, akalisogezea sumaku. Tak! Likaruka lenyewe likanasa. Kiini chuma, kimevishwa kopa. Akalitupia kwenye lundo la mageti mabovu.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti alichopewa, anatazama kila kitu, mkoba mapajani.

"Mwanangu," akamwambia mnunuzi, "na huyu mkwe wangu mnampokea?"

Yule bwana hakucheka. Akanisogelea, akanigusa bega kwa sumaku, akasubiri kidogo.

"Hainasi, mama," akasema. "Lakini kopa siyo."