Farasi, Punda na Mgongo wa Mama

Mwaka 1952 huko Helsinki, Lis Hartel wa Denmark alisaidiwa kupanda farasi wake, akashindana na wanaume na kutwaa medali ya fedha ya Olimpiki. Polio aliyougua mwaka 1944 ilikuwa imempooza miguu kuanzia magotini kwenda chini. Habari zake zilisukuma mbele wazo la kutumia farasi kuwasaidia watu wenye ulemavu, na leo mzazi wa Tabora anaona watoto wa Ulaya wakipandishwa farasi kwenye video za simu, anauliza: wa kwangu je?

Wanaoitetea tiba hii wana hoja nzito. Farasi akitembea taratibu, nyonga ya aliyempanda inasogea mbele na nyuma, kushoto na kulia, tena inajizungusha kidogo, karibu sawa na nyonga ya mtu anayetembea. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ambaye hajawahi kupiga hatua, mwili wake unaonja hatua. Joto la mnyama linalegeza mapaja yaliyokakamaa, na kiwiliwili kinajifunza kujishikilia. Mama wa Kinyamwezi anaifanya kazi hiyo bila kufundishwa: mtoto amefungwa kanga mgongoni, mapaja yamepanuka, anayumba na hatua za kwenda kisimani. Lakini mtoto akifika miaka sita au saba mgongo wa mama hauwezi tena, na yeye anabaki mkekani.

Wenye shaka nao wasipuuzwe. Tafiti zinaonyesha nafuu katika kukaa wima na kujisawazisha, ila nyingi zilihusisha watoto wachache, na haziko wazi kama nafuu hiyo inamsaidia mtoto kula au kuvaa mwenyewe. Mtoto ambaye nyonga imeteguka, au kifafa chake hakijadhibitiwa, anaweza kuumia. Baadhi ya watoto wenye Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji, wana shingo isiyo imara; nao lazima wapimwe kwanza. Halafu kila mtoto anahitaji hadi watu watatu, mmoja wa kumwongoza mnyama na wawili ubavuni.

Kwetu lipo na la mbung'o. Kwenye miombo ya Sikonge, Urambo na Kaliua, farasi ni windo la nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o. Anayetaka kuleta farasi huko ajiandae kumzika. Kwa hili sina la kupima.

Punda ni habari nyingine. Igunga na Nzega ni nchi ya mifugo, na punda wanabeba maji kila siku. Hawamfikii farasi kwa ukubwa wala kwa mwendo, kwa hiyo mtu mzima asahau, lakini mtoto mwepesi anabebeka. Naunga mkono wajaribiwe, kwa sharti moja nisilolegeza: mtaalamu wa fiziotherapia amkague mtoto kwanza, na mazoezi ya kawaida pamoja na kiti cha mbao kilichochongwa kwa kipimo chake vitangulie. Wilaya isiyo na hivyo ikianza na punda itakuwa inapiga picha tu. Na punda mwenye vidonda vya mgongo apumzishwe.

Kiangazi kilichopita, kijijini Nzega, nilimwona mvulana wa miaka kama minane akipandishwa punda aliyeshushwa madumu. Kaka yake alikaa nyuma, mkono umemkumbatia kifuani. Bibi yao alikataa mwanzoni, kwa sababu "punda" kwetu ni tusi. "Watu watamcheka mjukuu wangu," alisema, na uchungu wake niliuelewa. Hatua za mwanzo kichwa cha mtoto kilining'inia. Walipoufikia mwembe kilikuwa kimeinuka, anaangalia mbuzi. Safari moja haithibitishi tiba, najua. Ila aliposhushwa alilia, na bibi mwenyewe ndiye aliyesema, "Mrudishe kidogo, mzunguke tena mwembe."